Je, Unene ni Ushuhuda wa Baraka?



Katika ukurasa huu tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo ambalo watu wanaliongea kwa kicheko, lakini hospitalini linaleta machozi: kunenepa kupita kiasi. Hatuandiki ili mtu achekwe. Tunaandika kwa sababu kuna swali ambalo linazunguka katikati yetu bila kuulizwa kwa sauti: Mtu akinenepa, je, Mungu amembariki? Na akikonda, je, Mungu amemwacha?

1. NAMNA TUNAVYOSALIMIANA

Mnajua wenyewe. Ndugu akirudi kutoka safari tunamtazama toka kichwa hadi miguu na kusema: "Ah, umenenepa! Mungu anakutendea mema." Naye anafurahi. Lakini akirudi amekonda kidogo tu, tunanyamaza, halafu tunauliza polepole: "Una nini? Unaugua?" Bibi-arusi akikaa mwaka mmoja kwa mume wake bila kuongeza mwili, watu wa jamaa yake wanasema kwamba mume hamlishi. Na mchungaji asiyekuwa na tumbo, wengine wanasema kwamba waaminifu wake hawamtunzi.

Tusiseme kwamba mawazo haya ni upumbavu. Yana asili yake. Nchi yetu imejua njaa, vita na kukimbia usiku na mzigo kichwani. Aliyepata kula alionekana kwa mwili wake. Halafu, katika miaka ya 1980, ugonjwa wa sida ulipojulikana, watu waliona ndugu zao wakikauka kama kuni, na tangu hapo kukonda kukawa neno la kuogopesha.

Hata Maandiko yanajua lugha hiyo. Katika Mwanzo sura ya 41, ng'ombe wanene wa ndoto ya Farao ni miaka ya shibe, na wale waliokonda ni miaka ya njaa. Katika Danieli sura ya 1, vijana wanne wa Yuda wanapimwa kwa kutazamwa miili yao, nao wanaonekana wazuri na wanene kuliko wenzao. Lakini tusome vizuri: vijana hao walikataa chakula cha mfalme na divai yake. Kwa siku kumi walikula mboga na kunywa maji. Basi uzuri wa miili yao ulitoka katika kipimo, haukutoka katika wingi. Na Maandiko hayo hayo yanatuonyesha pia mzee Eli, mtu mzito, ambaye alianguka kutoka kiti chake na kuvunjika shingo. Kwa hiyo unene peke yake hauwezi kuwa ushuhuda. Tuulize jambo lingine.

2. WAGANGA WA HOSPITALI WANASEMA NINI

Waganga wana kipimo rahisi. Wanachukua kilo za mtu, wanazigawanya kwa urefu wake katika meta, halafu wanagawanya tena kwa urefu huo huo. Mtu mzima akipata 25 au zaidi, uzito umepita kiasi. Akipata 30 au zaidi, huo ni unene wa ugonjwa. Tutoe mfano: mama mwenye urefu wa meta 1,60 na kilo 80 anapata zaidi kidogo ya 31. Mbele ya watu anasifiwa. Mbele ya mganga anaonywa. Kipimo hiki hakisemi yote, kwa hiyo mganga anatazama pia mafuta ya tumboni, maana hayo ndiyo yenye hatari zaidi.

Hatari gani? Tansio, ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, kupooza upande mmoja wa mwili, magoti yanayouma, na aina fulani za kansa. Magonjwa haya hayaingii kwa kelele. Tansio inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila maumivu, mpaka siku moja anaanguka sokoni.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linasema kwamba katika mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene huo, na kwamba kwa watu wazima hesabu hiyo imepita mara mbili tangu mwaka 1990. Ndugu wengine watasema: "Hayo ni ya wazungu na ya matajiri. Sisi shida yetu ni njaa." Ni kweli kwamba njaa iko. Uchunguzi uliofanywa nchini kwetu katika mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa chakula kizuri. Lakini mara nyingi mambo haya mawili yanakaa katika nyumba moja: mama ni mzito, anapumua kwa shida, na mtoto wake amedumaa. Namna gani? Wanakula sufuria moja. Bukari nyingi, mafuta mengi, mboga kidogo. Chakula hicho kinajaza tumbo na kuongeza mafuta kwa mtu mzima, lakini hakimpi mtoto vile vitu vinavyojenga mwili. Basi unene si alama ya utajiri. Mara nyingi ni umaskini wa sahani.

3. JE, NI DHAMBI?

Hapa tuende polepole, kwa sababu njiani kuna mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni kusema: "Mtu mnene ni mlafi, amemtumikia tumbo lake." Nani amekuambia? Wako watu waliozaliwa katika jamaa yenye miili mikubwa. Wako mama walioongeza kilo kwa kila mimba. Wako wagonjwa ambao dawa zao zinawanenepesha. Wako wanaokaa kitini toka asubuhi hadi jioni kwa sababu ndiyo kazi yao. Na yuko mtu mwembamba anayekula kwa ulafi kuliko wote, lakini mwili wake haumshitaki. Mwenye kutazama mwili wa ndugu na kutangaza dhambi yake amejifanya nabii ambaye hakutumwa.

Shimo la pili ni kusema: "Ni Mungu aliyeniumba hivi, hakuna la kufanya." Hilo nalo si kweli. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho. Mwenye kulinda hekalu hangojei ukuta uanguke ndipo atafute saruji.

Katikati ya mashimo hayo kuna njia, nayo ni ile ya mana. Katika Kutoka sura ya 16, kila mtu aliokota kadiri ya mahitaji yake. Aliyeokota nyingi hakubakiwa na kitu, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Na walioweka akiba mpaka asubuhi waliikuta na mabuu. Kipimo kile hakikuwa adhabu. Kilikuwa fundisho kwamba kesho pia ina Mungu wake. Anayekula leo kama mtu asiyekuwa na kesho, tumbo lake linakosa imani.

Lakini kuna dhambi nyingine, nayo ndiyo tunayotaka mwiangalie zaidi. Tuchukue mfano. Dada mmoja wa kanisa anaambiwa na mganga: "Tansio yako imepanda. Ni lazima upunguze kilo nane." Anatii. Anapunguza bukari, anaacha vinywaji vya sukari, anatembea kwa miguu. Baada ya miezi michache nguo zimelegea. Halafu minong'ono inaanza. Wakwe wanaulizana. Jirani anasema: "Labda ni ule ugonjwa." Mwingine anasema amelogwa. Dada anasikia, anaona haya, na anarudia sahani ya zamani ili watu wanyamaze. Mwaka unaofuata anapooza mkono na mguu.

Ndugu wapendwa, nani amefanya dhambi hapa? Dada huyu hakushindwa na tumbo lake. Ameangushwa na ulimi wa wengine. Sifa zetu zilimfunga, na minong'ono yetu ilimzuia kufunguka. Na maneno yale hata hayakuwa ya kweli, kwa sababu siku hizi mtu mwenye sida anayemeza dawa zake vizuri anaishi na nguvu na kunenepa kama wengine. Umbo la mwili halituambii ni nani mgonjwa wala ni nani mwenye baraka.

Ulimi huo unawaumiza vijana wetu pia. Kuna wasichana wanaonunua sokoni vidonge vya kunenepesha. Dawa moja inaitwa siproheptadini. Kazi yake ni kutuliza mzio, lakini inaamsha hamu ya kula. Nyingine ni deksametasoni, dawa yenye nguvu ambayo mganga huitoa kwa magonjwa maalum. Kuimeza bila mganga kunaweza kupandisha sukari na tansio, kulegeza mifupa na kupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Msichana anaziharibu afya zake ili aambiwe: "Umependeza, umenenepa." Tumemfundisha sisi kutamani neno hilo.

4. MEZANI KWETU

Basi tufanye nini? Hatuhitaji chakula kutoka ng'ambo. Mashamba yetu na masoko yetu yanatosha.

Bukari ibaki, lakini isiwe mlima. Nusu ya sahani iwe mboga: lenga-lenga, matembele, sombe. Robo iwe bukari, na robo maharagi, samaki au ndakala. Chakula cha namna hii kinamfaa mama mzito na mtoto aliyedumaa pia, ila mtoto huyo asipunguziwe. Aongezewe maharagi, samaki na yai likipatikana.

Mafuta ya ngazi ni mazuri, yana vitamini A inayolinda macho. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya aina yoyote kina karibu kalori 120. Akina mama, msimimine kutoka chupa. Pimeni kwa kijiko.

Chupa moja ya kinywaji cha sukari ya sentilita 33 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari. OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ni vizuri zaidi asipite 25. Kwa hiyo chupa moja imekwisha kupita kipimo kile kizuri. Maji safi hayana deni lolote. Na chumvi isipite gramu 5 kwa siku. Makayabu yalowekwe na kumwagwa maji mara kadhaa kabla ya kupika.

Tutembee. Dakika 30 kwa mwendo wa haraka, siku tano kwa juma, zinatosha kwa kuanza. Na tusitafute miujiza ya kilo. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu zaidi ya elfu tatu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari waligawanywa katika mafungu. Wale waliofundishwa kula kwa kipimo, kutembea dakika 150 kwa juma na kupunguza karibu kilo saba kwa kila kilo mia za uzito wao, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kilo chache, zinazopungua polepole, zinatosha kubadili njia ya mtu.

Neno moja juu ya kufunga. Sisi ni watu wa maombi na mfungo. Lakini mfungo ni wa kumtafuta Mungu, si wa kupunguza tumbo. Anayefunga siku tatu na kula sahani tatu siku ya nne hakupata faida ya mwili wala ya roho. Na mwenye ugonjwa wa sukari anayemeza dawa asifunge kabla ya kuongea na mganga wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafula na kumwangusha. Mungu hapungukiwi na maombi ya mgonjwa aliyekula.

Na anayekonda bila kutaka, yeye pia aende hospitali. Asifichwe, asisengenywe.

5. TUBADILI SALAMU

Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa sababu, walipokusanyika kula, mmoja alibaki na njaa na mwingine alilewa. Tutazame karamu zetu kwa macho hayo. Mgeni anajaziwa sahani mpaka inamwagika, na akiacha chakula tunasema ametudharau. Tumwache ajipakulie mwenyewe. Akisema "nimeshiba", tuseme "asante kwa Mungu", tusimlazimishe. Sehemu iliyobaki iende kwa mjane na kwa mtoto wa jirani, ambako bado kuna nafasi tumboni. Hivyo kipimo cha mmoja kinakuwa shibe ya mwingine.

Halafu tubadili salamu. Tukikutana mlangoni mwa kanisa, tusipimane kilo kwa macho. Tuulize: "Una nguvu? Unalala vizuri? Magoti yanakuacha upande ngazi?" Na tukimwona ndugu anapunguza chakula kwa shauri la mganga, tusinong'one. Tukae karibu naye, tule kama yeye anavyokula, tutembee naye njia moja.

Baraka ya Mungu haipimwi kwenye mizani. Inaonekana pale mtu anapokuwa na nguvu za kusimama, kulima, kuimba na kuwatumikia wengine kwa siku zote alizopewa. Tusimnyang'anye ndugu hata siku moja kati ya hizo kwa ajili ya sifa za midomo yetu.

Mungu awabariki na awape afya. Amina.