Ukiuziwa Bandia, Je, Upitishe?

Somo: Yeremia 6:29–30, Malaki 3:3



Mwaka jana nilimnunulia mke wangu pete ya fedha kwa shilingi 4,500. Kwa ndani ilikuwa imegongwa namba 925, yaani katika sehemu 1,000 za madini yale, 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Mimi nilisomea biashara, nikajiona mjanja. Miezi michache tu ya joto na jasho la Garsen, ndani ikaanza kuwa nyekundu.

Nilipopata safari ya Lamu nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee. Nikamwambia nimeijaribu kwa sumaku, haikunasa. Akacheka. "Mwanangu, sumaku hukamata chuma. Shaba nayo hainaswi." Nikauliza kama weusi ndio dalili ya bandia. Akasema hapana, fedha halisi nayo huingia weusi, ukiisugua inarudi kung'aa. Tena mapambo mengi ya kale hayana namba. Masonara wa zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo ziliendelea kutolewa na mwaka uleule hata baada ya malkia huyo kufa. Riale moja ni gramu 28 hivi, na karibu asilimia 83 yake ni fedha. Kwa hiyo kuna kitu halisi kisicho na muhuri, na kuna muhuri usio na kitu.

Akachukua tupa, akakwaruza ndani ya pete, akadondosha asidi. Likatoka povu la kijani. Shaba iliyochovywa fedha!

Lakini yaliyonipata njiani kurudi ndiyo ninataka tuyatafakari.

Tulipofika Witu, mama aliyeketi karibu nami akaiona pete mkononi mwangu. Mwanawe anaoa mwezi ujao. "Baba, hiyo ni fedha?"

"Imeandikwa 925, mama," nikajibu.

Akasema ana 4,000. Mimi nikanyamaza.

Kusema kweli, moyoni nilijitetea vizuri sana. Sikusema uongo hata neno moja, maana 925 imeandikwa kweli. Sikuitengeneza mimi. Mimi nami nilitapeliwa, kwa nini hasara ibaki kwangu? Na bado nampunguzia 500!

Wapendwa, hebu tupime utetezi huo kama sonara alivyopima pete, tukwaruze tuone ndani. Pete ya shaba si dhambi. Mtu akiiuza kama shaba, kwa bei ya shaba, amefanya biashara halali. Dhambi iko katika jina na bei tunayoipa. Na hasara ukiipitisha haijafa, imehama tu. Inatoka kwa mwenye nafasi ya kufika kwa sonara, inakwenda kwa mama asiye na nafasi hiyo. Aliyeniuzia mimi huenda naye hakujua. Mimi nilijua. Uongo ule haukuanza na mimi, lakini siku nilipoujua na kuupitisha ungekuwa wangu kamili.

Hii si habari ya pete peke yake. Ukipewa noti bandia ya elfu moja sokoni, je, unangoja giza liingie ukamnunulie nayo muuza samaki? Mbuzi unayejua anaumwa, je, unamwahisha mnadani kabla hajaanguka? Asali uliyouziwa ikiwa na sukari ndani, je, unaijaza kwenye chupa zako? Kwa Kiswahili chetu, fedha ni madini na fedha ni pesa. Zote mbili zinatupima sisi kabla sisi hatujazipima.

Yeremia anaeleza moto uliowaka mpaka mifuo ikachoka, na bado takataka hazikutoka, watu wakaitwa fedha iliyokataliwa. Malaki naye anamwona Bwana ameketi kama msafishaji wa fedha. Ameketi, wapendwa, hana haraka. Kwenye basi lile nilikuwa ndani ya tanuri lake, na mimi nikidhani nafanya biashara.

Tulipokaribia Minjila, mama yule akafungua fundo la leso yake, akaanza kuhesabu noti, zingine za hamsini hamsini. Hapo nikashindwa. "Mama, nisamehe. Hii si fedha. Ni shaba iliyochovywa."

Akafunga leso yake polepole. Hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Mbona hukusema tangu Witu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema ukweli, ndiyo, lakini niliuchelewesha safari nzima nikitumaini hautahitajika. Pete ile iko mezani kwangu ofisini, na yeyote anaweza kuja kuiona.

Wiki hii kila mmoja ajiulize: ni kitu gani ninajua si halisi, na bado nimekishika nikingoja mnunuzi? Kiseme mapema, kabla mtu hajafungua leso yake.

Mungu awabariki.