Dhima ya Mwenye Kipimo

Ndugu msomaji, ukienda dukani kununua kilo mbili za sukari, mizani iko mbele ya macho yako. Wewe waiona na muuzaji aiona. Akiweka kidole juu ya sahani utamwona, na ukiwa na shaka utamwambia apime tena, naye hana la kusema. Lakini leo nataka nikuulize juu ya kipimo cha namna nyengine: kile ambacho mwenye kukitumia ni mmoja, na mwenye kudhurika nacho ni mwengine, asiyekiona wala kukijua.

Chukua nati za gurudumu la gari. Fundi ameziba pancha, amerudisha gurudumu, amekaza nati, na wewe umelipa ukaenda zako na watoto wamekaa nyuma. Jee, wajua zimekazwa kiasi gani? Hujui, wala hutajua mpaka siku zitakapolegea njiani.

Kukaza nako kuna hesabu yake. Nguvu ya kusukuma au kuvuta, ambayo vitabu vya shule huiita kani, hupimwa kwa nyutoni. Shika mayai mawili madogo kiganjani; hivyo yanavyokubonyeza ni kadiri ya nyutoni moja. Kitu cha kilo moja huvutwa chini kwa nyutoni 9.8 hivi. Lakini kwa nati nguvu peke yake haitoshi, kwani urefu wa mkono wa spana nao wahesabiwa. Ukisukuma kwa nyutoni 500 mwishoni mwa spana ya sentimita 20, ni sawa na kusukuma kwa nyutoni 250 kwenye spana ya sentimita 40. Zote mbili zatoa nyutoni-mita 100, na hiyo ndiyo torki. Nati za magari mengi madogo hutaka karibu na kiasi hicho, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha gari lenyewe. Ndiyo maana fundi huchomeka bomba kwenye spana akitaka kufungua nati iliyoshika kutu: hakuongeza nguvu, ameongeza urefu. Na bomba hilo hilo akilitumia katika kukaza, bolti huvutika na meno yake huliwa, na wewe huoni kitu.

Basi kuna spana maalumu ya kupimia torki. Ndani yake mna springi. Ikifika kiasi kilichowekwa hulia, na mkono huhisi. Chombo kizuri, lakini springi huchoka. Mafundi wenye kujua huirudisha kwenye alama ya chini kabisa kabla ya kuiweka sandukuni, na kanuni ya kimataifa yataka ijaribiwe kila baada ya miezi 12 au baada ya kutumika mara 5,000, lolote litakalotangulia.

Hapa nitoke njiani kidogo. Nyutoni-mita hiyo hiyo ni kipimo cha nishati pia, nacho huitwa juli, kwa jina la Mwingereza James Prescott Joule. Hesabu ni moja, mambo ni mawili. Ukiing'ang'ania spana kwa nyutoni-mita 100 na nati isisogee, torki ipo, lakini nati haikupokea nishati hata juli moja. Ikizunguka duru moja nzima kwa torki hiyo, imepokea juli 628. Ndipo wataalamu wakaafikiana kwamba torki isiitwe juli kamwe, ili watu wasichanganye. Nimepata kumsikia fundi akidai ujira kwa jasho alilotoka, na mteja akikataa kwa kuwa nati haikufunguka. Wote wawili walisema kweli. Kila mmoja alipima kitu chake. Ugomvi mwingi wa majumbani mwetu ni wa namna hii.

Na turudi. Hukumu ya mwenye kupunja kwa makusudi haina haja ya makala. Sura nzima katika Msahafu imeitwa kwa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin, na kila mtoto wa chuoni aijua. Suali langu ni la yule apunjaye bila ya kujua. Spana yake imepotoka, yeye hana habari, akaza nati asubuhi mpaka jioni kwa nia safi. Jee, ana dhima?

Wengi watasema hana, kwani mwenye kukosea bila ya kukusudia husamehewa. Nami nakubali, ila nauliza: hakujua kwa sababu gani? Kuna mtu aliyejaribu chombo chake, akakilinda, kisha kikaharibika siku ile ile bila ya dalili. Huyo amekosea. Na kuna mtu ambaye hajakijaribu miaka sita kwa kuogopa ataambiwa nini, maana akiambiwa itambidi agharimike. Huyo hakukosea, huyo amechagua kutojua. Kwa maoni yangu ujinga wa kuchagua ni ndugu yake makusudi, wa baba mmoja.

Utaniona mkali. Basi sikiliza kisa cha zamani. Huko Khurasani, katika zama za Umar Khayyam, alikuwako mtaalamu aitwaye Al-Isfizari. Alitumia miaka ya umri wake kutengeneza mizani ya kubainisha dhahabu safi na iliyoghushiwa, kwa kuipima hewani na majini. Inasimuliwa kwamba mtunza hazina wa Sultani aliichukua mizani ile akaivunja, kwa hofu kuwa itafichua khiyana yake, na kwamba Al-Isfizari alikufa kwa huzuni. Baada yake Al-Khazini, aliyekuwa mtumwa wa asili ya Kiyunani kisha akaachwa huru, aliandika huko Merv kitabu chake cha Mizani ya Hekima, mwaka 515 wa Hijra, yaani 1121, akaieleza mizani ile na kuitengeneza vizuri zaidi.

Mtunza hazina yule aliivunja kwa mkono. Mwenye kuiacha spana yake bila ya kuijaribu amefanya nini? Haikumlazimu kuvunja kitu. Amengoja tu.

Wala usidhani kujaribu ni kazi ya mafundi wadogo peke yao. Kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris tangu mwaka 1889. Walipokilinganisha na nakala zake baada ya miaka mia, waliona zimeachana kwa kiasi cha mikrogramu 50, uzito usiofika hata punje ya mchanga. Hakuna mwenye duka aliyepata hasara. Hata hivyo hawakukaa kimya. Mwezi wa Mei 2019 wakakiacha kipande kile, wakaifasiri kilo upya kwa hesabu ya maumbile isiyochakaa.

Liko zito zaidi, nami sijapata utulivu nalo. Fundi mmoja niliyemjua aliipeleka spana yake kujaribiwa, akaambiwa yapunguza: ikisema 100, ukweli ni 85. Tangu ilipojaribiwa mara ya mwisho ilikwisha pita miezi mingi, na magari hayakuwa na idadi. Jee, awafuate watu wote hao? Wengine hakuwajua hata majina. Rafiki zake walimwambia aitengeneze, amuombe Mungu msamaha, basi. Mimi nilimwambia kwamba haki ya Mungu huenda kwa toba, lakini nati zilizolegea ziko kwenye magari ya watu, na toba haizikazi. Awafikie anaoweza, na asiowajua ndio wa kuwaombea.

Hakunijibu. Asubuhi yake nilipita pale nikamkuta amefunga duka. Alikuwa kwenye kituo cha teksi, na spana mpya mkononi, amechutama kwenye gurudumu la gari la kwanza, na madereva wengine wamemzunguka wakimuuliza imekuwaje, naye awaeleza.