SAULI ALISHIKA HESABU YA SIFA
Neno kwa wanafunzi wetu na wazazi wao

Masomo: 1 Samweli 18:6-9, 1 Samweli 23:26-28, Wagalatia 6:4

 

Kiisha matokeo ya sesio ya kwanza kutoka, binti mmoja wa parokia yetu, mwanafunzi wa universite, alikuja kwetu mashemasi pamoja na mama yake. Kozi nne zilikuwa zimemshinda. Mama alilia juu ya franka za masomo, maana zilitoka katika unga na samaki anaouza sokoni. Lakini neno lililotuumiza zaidi ni la binti: «Baba, mimi si kitu. Wenzangu wote wananipita.» Tulimwuliza: wanakupita wapi? Hakutaja hata kozi moja. Alifungua telefone akatuonyesha picha: huyu yuko ndani ya gari, huyu amevaa vizuri, huyu ana keki kubwa siku ya kuzaliwa kwake. Chini ya kila picha kuna hesabu ya watu walioipenda. Yeye alitia picha yake, akaingoja mpaka saa nane ya usiku. Watu kumi na mmoja tu. Asubuhi kulikuwa mtihani.

Ndugu, ugonjwa huo si mpya. Tufungue Samweli wa kwanza, sura ya 18. Sauli anarudi kutoka vita. Ni mfalme, amepakwa mafuta, ana nyumba na jeshi, na siku ile adui ameshindwa. Wanawake wanatoka na ngoma wanaimba: Sauli anapewa hesabu ya maelfu, na Daudi anapewa mara kumi zaidi. Basi Sauli akaishika ile hesabu moyoni, na tangu siku ile akamtazama Daudi kwa jicho baya. Tuangalie vizuri: siku ile Daudi hakumnyang'anya kitu. Ufalme ulikuwa wake bado, nyumba ilikuwa yake bado. Hesabu ya sifa tu ndiyo iliyomwambia kwamba yeye si kitu.

Na kazi yake ikawa namna gani? Sura ya 23 inatuonyesha. Sauli anamwinda Daudi jangwani, yeye upande huu wa mlima, Daudi upande ule. Mara mjumbe anakuja mbio: Wafilisti wameshambulia nchi! Mfalme aliwekwa kulinda watu wake, naye anamaliza siku zake akimfuata mtu wa nyumba yake. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi: macho yako kwa mwenzake, na Wafilisti wanaingia katika kozi zake.

Wenye elimu vilevile wameliona jambo hilo. Facebook ilianza katika universite ya Harvard, kule Marekani, mwezi wa pili 2004. Iliingia universite moja, kiisha ingine, mpaka mwezi wa tisa 2006 ilipofunguliwa kwa watu wote wa miaka 13 na zaidi. Wataalamu watatu wa uchumi, Braghieri, Levy na Makarin, walilinganisha universite zilizokwisha kuipokea na zile ambazo zilikuwa hazijaipata. Mwaka 2022 walitangaza walichokiona: pale ilipoingia, huzuni na mahangaiko ya wanafunzi viliongezeka, na wengi zaidi walisema kwamba hali hiyo imewaharibia masomo. Hawakusema kila mwanafunzi anaanguka. Lakini sababu waliyoiona kuwa na nguvu ni kujilinganisha na wengine. Ni mlango ule ule wa Sauli.

Basi telefone ni dhambi? Hapana. Kwa WhatsApp watoto wetu wanapokea silabusi na kuulizana maswali. Ukivunja telefone, moyo wa kujilinganisha unabaki.

Na moyo ule, nani aliwafundisha? Tujihukumu wenyewe. Nyumbani tunasema: «Tazama mtoto wa jirani amepata distinsio, na wewe je?» Kanisani tunatazama nani amevaa kitambaa kipya, nani amekaa mbele. Mtoto alijifunza hesabu ya Sauli kwetu sisi, kabla hatujamnunulia telefone. Sisi mashemasi ndio wa kwanza kutubu.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6:4, anataka kila mtu apime kazi yake mwenyewe, wala asitafute fahari kwa kujilinganisha na mwenzake. Mwanafunzi aliyepata 9 juu ya 20 kiisha akapata 12, huyo ana furaha ya kweli, hata kama mwenzake amepata 16. Picha inaonyesha saa moja ya sherehe. Deni la keki haionyeshi. Na tusisahau: Samweli alipokwenda kumpaka mafuta mwana wa Yese, Daudi mwenyewe hakuitwa. Aliachwa na kondoo. Watu hawakumhesabu, lakini Mungu, anayetazama moyo, alikwisha kumwona.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, saa ya kusoma na saa ya kulala, telefone ikae chumba kingine. Pili, wazazi, kabla ya kuuliza «Umepata ngapi?», tuulize «Leo umeelewa nini?» Tatu, kijana akisema «Mimi si kitu», tusimkemee. Tukae naye, tuombe naye. Huzuni ikikataa kutoka, tumpeleke kwa daktari vilevile. Hiyo si aibu, wala si kukosa imani.

Binti yule sasa anajitayarisha kwa sesio ya pili. Jioni anamwachia mama yake telefone. Juma lililopita alikuja kutuambia kwamba kozi moja iliyokuwa inamtisha ameielewa. Alisema mengi siku ile, na hakutaja jina la mwenzake hata mmoja.

Bwana awabariki wote. Amina.