Woga Unaofukia Talanta

Mfano wa talanta, ulio katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, twaujua sote tangu mafundisho ya katekisimu. Lakini huenda wengi wetu hatujapima uzito wa ile talanta moja. Talanta ya fedha ilikuwa sawa na dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi yule mtumishi wa tatu hakupewa kitu kidogo. Alikabidhiwa ujira wa miaka 20 hivi. Naye hakuiba wala hakuitapanya mali ya bwana wake. Aliirudisha yote. Kosa lake alilitaja kwa kinywa chake mwenyewe: aliogopa.

Woga huo twauona hata leo katika nyumba zetu. Mama amenunua cherehani kwa akiba aliyoiweka katika kikundi chake cha VICOBA, na mwaka mzima cherehani imekaa chumbani imefunikwa kitambaa, maana ajiuliza watu watasemaje akiharibu nguo ya kwanza. Kijana ametoka chuo cha ufundi, vyombo vya kazi anavyo, lakini angoja kuajiriwa. Mwingine afungua duka la sukari, sabuni na vocha za simu katikati ya maduka mengine yauzayo vitu vivyo hivyo. Hakufanya hivyo kwa kuwa ameona haja ya watu, bali kwa kuwa adhani hakuna hatari katika jambo lifanywalo na wote.

Hatusemi kwamba kila hofu ni mbaya. Katika Luka 14 Bwana wetu mwenyewe afundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Wahenga nao walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hofu inayomketisha mtu na kalamu na daftari ni busara. Hofu inayomshikisha jembe akachimbe shimo la kufukia mali yake, hiyo ndiyo tunayoikataa.

Nayo hofu hii, tukiichunguza vema, si hofu ya kupoteza fedha tu. Kinachoogopwa zaidi ni kicheko cha watu. Hapo hatuna budi kuulizana, sisi wazazi, ndugu, majirani na wanajumuiya: ni nani aliyemwambia mwanawe, "Nilikuonya!", siku ile kuku wake walipokufa kwa kideri? Ni nani aliyeifanya hasara ya jirani kuwa mazungumzo ya kisimani? Aliyeifukia talanta atajibu kwa ajili yake. Lakini huenda na sisi tuliomcheka tulimchimbia shimo.

Tena madhara hayaishii hapo. Mwenye kuogopa fedheha huificha hasara yake hata kwa mwenzake wa ndoa. Akopa huku ili alipe kule, na mkopo wazaa mkopo, mpaka asubuhi moja wadai waja kuchukua vitanda mbele ya watoto. Hasara ile ya kwanza ingaliweza kubebwa na mume na mke pamoja. Kilichoivunja nyumba ni siri.

Tumtazame Simoni Petro katika Luka 5. Alikuwa na chombo, nyavu na washirika, yaani wana wa Zebedayo. Usiku kucha walifanya kazi wasipate kitu. Lakini kulipokucha, Bwana aliwakuta wavuvi wale wakiosha nyavu zao. Hawakuzitupa, wala hawakujificha wasionekane ufukoni. Na samaki walipopatikana, waliwapungia mkono washirika wao katika chombo cha pili waje kusaidia.

Basi, wewe unayetaka kuanza, anza kwa fedha ambazo hata zikipotea, watoto hawatakosa chakula wala ada ya shule. Tenga fedha za biashara na za nyumbani, uziandike kila jioni. Patana na mwenzako wa ndoa, kabla ya kuanza, ni hasara kiasi gani itakayowafanya msimame na kufikiri upya. Nanyi wanajumuiya, mnaokwenda kwa wingi kumfariji aliyefiwa, nendeni pia kwa yule aliyefunga duka lake. Mkae naye, mumsikilize, mumsaidie kuona mahali alipojikwaa.

Katika waraka wake *Centesimus Annus* wa mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II alihesabu moyo wa kubuni na kuanzisha kazi kuwa sehemu ya lazima ya kazi ya mwanadamu. Moyo huo ni zawadi ya Mungu, nao hukua pale ambapo mtu aweza kuanguka bila kudharauliwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na mhunzi aliyevunjikiwa na koleo asichekwe, aazimwe jingine.