Kereng'ende wa Kirumi



Siku hizi chache zilizopita tulifuatana na vijana hata Kirumi, pale Mto Mara, utokao katika milima ya Mau huko Kenya, upitapo kati ya mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Vijana walitaka kupiga picha za kereng'ende. Kwanza tuliwafuata mbio huku na huku, nao wakaturuka kila tulipokaribia. Kwa maana mdudu huyu ana mabawa manne, na macho yake yamefanyizwa kwa vijicho maelfu, hata aona karibu pande zote.

Ndipo kijana mmoja akasema, "Baba Mchungaji, na tutulie. Huyu hurudi kwenye unyasi wake." Tukachuchumaa ukingoni, mbali kidogo na maji kwa kuwaogopa mamba. Naye akarudi kweli, mwekundu kama kaa la moto, akatua pale pale. Karibu naye, juu ya bua, ilishikamana ngozi kavu, tupu, ya kereng'ende aliyejivua siku alipotoka majini. Kwa kuwa maisha yao huanza chini ya maji. Tulikaa saa nzima, wala hatukuchoka.

Jioni, tulipozitazama picha zile, moyo wetu ulitushitaki. Juma lile lile tulimzuru mjane mgonjwa. Alituwekea kigoda, nasi tukaomba tukiwa tumesimama. Akaanza kusema neno, tukamjibu, "Mama, tutarudi." Mdudu tulimpa saa nzima, yeye aliyenunuliwa kwa damu ya Kristo hatukumpa hata robo saa.

Kesho yake tulirudi, tukakikalia kile kigoda. Neno lake lilikuwa fupi: aliogopa usiku.

Bwana wetu alipotoka Yeriko, makutano wakimsonga, na msalaba ukimngoja Yerusalemu, alisikia kilio cha kipofu Bartimayo, akasimama. Hakusema, nitarudi. Na sisi tu hai leo kwa sababu Yeye alisimama kwa ajili yetu, tena hutuvumilia tungali tukimkimbia.

Basi, ndugu, ni nani karibu nanyi ambaye neno lake mlilikatiza? Nendeni kwake, mkaketi. Amina.