Huzuni Iimbwayo na Ahadi Itiwayo Saini: *Madama Butterfly* katika Masikio ya Kajiado

Utangulizi

Je, ni halali mtu kuistarehekea huzuni ya mwenziwe kwa kuwa tu imeimbwa vizuri? Swali hili ni la kale. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, aliliuliza katika kitabu cha tatu cha *Maungamo* yake alipoukumbuka ujana wake katika majumba ya michezo ya Karthago: kwa nini mtu apende kutazama mateso ambayo yeye mwenyewe asingependa yampate? Karne nyingi kabla yake, Aristotle alikuwa ametoa jibu ambalo wanafunzi wa fasihi hulikariri hadi leo, kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa hisia hizo. Augustino hakuridhika na faraja ya namna hiyo. Kwake, huruma ya ukumbini ni huruma isiyodaiwa kitu. Mtazamaji haitwi kumwokoa mtu, anaitwa kuhuzunika tu.

Makala haya yanalirejea swali hilo kwa kuichunguza opera ya Giacomo Puccini, *Madama Butterfly*, kama inavyoweza kusikika mahali ambapo haikukusudiwa kusikika, yaani katika nyika za Kitengela na Kajiado. Hoja yetu ni kwamba kosa la kimaadili haliko katika uzuri wa huzuni. Liko katika mahali tunapoyaelekeza machozi yetu. Tumezoea kukililia kisu cha tendo la mwisho, ilhali tanzia ilikwisha kutendeka zamani, mezani, wakati wa kupatana.

Miaka 999

Opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Scala, Milan, tarehe 17 Februari 1904, ikazomewa. Pinkerton, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, anafika Nagasaki na kupitia kwa dalali aitwaye Goro anajipatia nyumba na mke kwa mpigo mmoja. Mke ni Cio-Cio-San, binti wa miaka 15. Nyumba imepatikana kwa miaka 999, ila mwenyewe ana hiari ya kuuvunja mkataba mwezi wowote. Na ndoa, asema kwa mzaha, ni vivyo hivyo. Kisha anainua glasi kumtakia heri mke halisi, wa Kimarekani, atakayemwoa siku moja. Konseli Sharpless anamwonya kwamba binti huyu ameyachukua maneno kwa uzito. Onyo linapita, nao muziki unabaki mchangamfu.

Msikilizaji wa Milan aliweza kuisikia miaka 999 kama utani. Msikilizaji wa Kenya hawezi. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa muda uo huo, miaka 999, na ni Katiba ya mwaka 2010 iliyoukata muda huo kuwa miaka 99 kwa wasio raia. Aidha, haikutimia miezi sita tangu onyesho la Milan kabla ya mkataba mwingine kutiwa saini. Tarehe 10 Agosti 1904, Sir Donald Stewart kwa upande wa serikali, na Olonana pamoja na viongozi wenziwe kwa upande wa Wamaasai, walikubaliana kwamba Wamaasai waondoke katika Bonde la Ufa na kugawanywa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini, ambamo imo Kajiado ya leo. Mkataba uliahidi kudumu kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo kama jamii. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, nao wa Laikipia wakahamishiwa kusini.

Katika matini zote mbili upande mmoja unaisikia ahadi kama umilele, na upande wa pili unaisikia kama mpango wa muda. Hapo ndipo tanzia inapozaliwa, na hakuna aliyelia.

Sheria ya nani?

Katika tendo la pili, Goro anamweleza Cio-Cio-San kwamba kwa sheria ya Kijapani mke aliyetelekezwa amekwisha kuachwa. Binti anajibu kwamba sheria hiyo si ya nchi yake tena. Nchi yake sasa ni Marekani, na huko hakimu angemshika mume wa namna hiyo. Watazamaji hutabasamu. Anaitegemea sheria isiyomtambua.

Mwaka 1913, Ole Njogo na wenziwe, wakiungwa mkono na Ole Gilisho aliyeongoza upinzani dhidi ya uhamisho, waliishtaki serikali wakidai kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa bado na nguvu. Nao pia waliitegemea sheria ya mtoa ahadi. Mahakama iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola mbili, na kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuihukumu. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa kuwa dola pale tu ambapo udola wao uliwanyima haki. Rufani yao nayo ilitupwa mwaka uo huo.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka, na ni wajibu wetu kuuonyesha. Cio-Cio-San ni kiumbe wa kubuni. Wamaasai ni watu walio hai, walioshindwa kesi wakaendelea kuishi, kuchunga na kudai. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya opera: inaifundisha huruma yetu kumtafuta mhanga aliyekamilika, yaani aliyekwisha kufa. Aendaye mahakamani hatungiwi aria.

Majuto ya mkosaji

Opera ilipofufuliwa mjini Brescia tarehe 28 Mei 1904, ikiwa imerekebishwa, ilishangiliwa. Miongoni mwa mambo yaliyoongezwa ni aria fupi ya Pinkerton, anayoiaga nyumba yenye maua huku akijuta. Katika *La traviata* ya Verdi (1853) vilevile, mzee Germont anamshurutisha Violetta aiache furaha yake, kisha anarudi kujuta mwanamke huyo akiwa mahututi. Majuto haya huipendeza hadhira kwa sababu huifanya ijione safi: ikiwa hata mkosaji analia, basi sote tu wema. Lakini machozi ya Pinkerton hayarudishi kitu. Anaondoka jukwaani na kumwachia mkewe mpya kazi ya kumwomba mama mtoto wake.

Linganisha na mila aliyoieleza A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai: kwamba mtu alipofariki, jina lake nalo lilizikwa, lisitajwe tena mbele ya jamaa zake. Mgeni angeweza kudhani huo ni ukavu wa moyo. Sisi tunauona kuwa ni heshima inayokataa kuigeuza huzuni ya wafiwa kuwa kitu cha kutazamwa. Hatusemi kwamba kimya ni bora kuliko wimbo. Tunasema kwamba kimya hicho kinauliza swali ambalo wimbo hauna budi kulijibu: unaimba kwa niaba ya nani?

Hitimisho

Puccini mwenyewe alilikaribia jibu. Okestra inafunga kwa sauti zisizotua, kana kwamba deni bado halijalipwa. Kulisikia deni hilo ndiko kuisikiliza opera hii kwa haki, na anayelisikia atarudi tendo la kwanza, ambako glasi ziligonganishwa.

Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa kwa watu binafsi mwaka 1988, na tangu hapo viwanja vimeuzwa kando ya barabara ya Namanga, kimoja baada ya kingine. Huko nako yupo dalali, ipo kalamu, na yapo maneno ambayo muuzaji na mnunuzi huenda hawayasikii kwa maana moja. Wengi wetu tunaoandika na kusoma kurasa hizi ni wanunuzi wa viwanja hivyo. Tukitoka ukumbini macho yakiwa yamelowa kwa ajili ya Cio-Cio-San, hatujafanya baya. Ila tusijihesabie jema hadi tutakapojiuliza katika mkataba ule sisi tuliketi upande gani wa meza.