Jengo la Haki

Yafaa tujiulize: je, haki yahitaji nyumba nzuri? Wazee wetu waliamua mashauri chini ya mwembe, wala hakuna aliyesema kwamba hukumu ilipungua uzito kwa kukosa dari.

Hata hivyo, jengo nalo ni mwalimu. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1921, na jina lake Dar es Salaam limeambatana na Kivukoni, kuielekea bandari, penye nyumba zilizoachwa na Wajerumani: kuta nene, baraza ndefu, paa za vigae. Nyumba hizo hupendeza macho, na yapasa zitunzwe. Lakini zilijengwa na watawala kwa ajili ya utawala, nazo zilimfundisha mwananchi kwamba sheria ni mali ya wakubwa. Tena wengi hawakufika huko. Mashauri yao yalikwenda kwa maliwali na machifu, katika mahakama zilizotengwa kwa Waafrika, mpaka Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipoziunganisha zote ziwe mfumo mmoja.

Mlango ukafunguliwa, umbali ukabaki. Mjane wa Mbagala anayefuatia mirathi mjini hulipa nauli, huacha biashara yake, kisha huambiwa arudi siku nyingine. Umbali huo ni adhabu apewayo mtu asiye na kosa. Kwa hiyo twaona kuwa ni jambo la haki, wala si la ujenzi tu, kwamba mwaka 2021 vilizinduliwa vituo jumuishi vya utoaji haki Kinondoni na Temeke, na kile cha Temeke kikapewa mashauri ya mirathi, ndoa na familia.

Je, yatosha? La. Hakimu haoni yaliyofichwa. Kabla mjane hajakanyaga ngazi za mahakama, pengine shemeji zake wamekwisha kukutana usiku, wakaficha hati ya nyumba, wakapatana watakavyosema. Hapo hukumu imekwisha kutolewa sebuleni, na mahakamani hupelekwa uongo tu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema kwamba apewe mahakamani peke yake.

Basi tuzitunze kuta za Kivukoni, na tushukuru kwa zile za Temeke. Lakini tukumbuke kwamba shahidi wa kwanza wa mjane ni ndugu wa marehemu. Huyo akisema kweli nyumbani, yatima hulala kwao, na hakimu hubaki na kazi ndogo ya kutia sahihi.